Kuziba Uozo wa Mbao za Milango ya Maghala

Mahindi ya mwanachama yakishapokelewa katika ghala la chama cha msingi, yamo mikononi mwa chama hadi mnunuzi apatikane. Kwa hiyo mwimo wa mlango uliooza si jambo la seremala peke yake. Maji yapitayo penye mwimo huo hufikia magunia ya chini, na punje zikilowa huota ukungu. Mahindi ya kuhifadhi hayapasi kuzidi unyevu wa asilimia 13.5. Yenye ukungu huweza kuwa na sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu mikoani Dodoma na Manyara.

Katika nchi ya mvua na baridi kama Madaba, mbao huanza kuoza chini, pale mwimo unapoingia katika sakafu ya saruji. Ncha ya mbao hunyonya maji kama utambi wa kibatari. Mazoea ya baadhi ya kamati ni kuizungushia saruji, au kupaka rangi mpya siku chache kabla ya ukaguzi. Saruji hufungia maji ndani. Rangi humridhisha mkaguzi asiyebeba bisibisi.

Ikiwa uozo haujaenda mbali, njia bora ni kuziba kwa gundi ya epoksi, ile iuzwayo kwa mirija au mikebe miwili, mmoja gundi na wa pili kigumisho. Kazi ifanywe kiangazi. Kwanza maji yazuiwe: bati linalovuja lizibwe, na udongo ulioegemea ukuta uondolewe. Kisha seremala achome mbao kwa bisibisi. Panapozama bila nguvu pamekwisha oza. Sehemu hiyo yote ichongwe kwa patasi hadi ufikiwe mti mzima, nao uachwe ukauke juani, hata kwa wiki mbili. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa kuwa mwenyekiti ana haraka na fundi anataka malipo yake. Epoksi haishiki vema mbao yenye maji. Mvua zinazofuata huibandua kama gamba, na nyuma yake uozo umekwisha songa mbele.

Vipimo vifuate maandishi ya mtengenezaji. Kuongeza kigumisho ili gundi igande upesi ni kosa, maana huidhoofisha. Gundi tupu ipakwe kwanza shimoni ili inywewe na mbao. Inayofuata ichanganywe na unga laini wa msumeno hadi iwe nzito kama ugali mlaini. Shimo refu lijazwe kwa tabaka, kwa sababu donge kubwa hupata joto na kupasuka. Fundi avae glavu. Katika baridi ya Juni na Julai gundi huchelewa kuganda; isubiriwe hadi kesho yake au zaidi, ndipo ipigwe msasa na kupakwa rangi ya mafuta, kwani jua huila epoksi iliyo wazi.

Kiraka cha epoksi hakibebi mzigo wa mlango. Uozo ukifika penye bawaba, au ukila nusu ya unene wa mwimo, sehemu ya chini ikatwe na kuungwa kipande cha mninga kilichokauka. Mbao za msindano zisizotiwa dawa ni za bei nafuu, lakini zikigusa ardhi hazidumu. Na penye mchwa, kuziba shimo kabla ya kuwaua ni kuwaezekea nyumba.

Kamati iandike tarehe ya matengenezo, gharama na jina la fundi katika daftari la mali za chama, ili mkaguzi wa mwaka unaofuata ajue pa kuchoma bisibisi yake.