Wimbo wa usaili: Kwa nini sauti nzuri hukosa nafasi jukwaani

JIONI moja mtaani Milimani, Nakuru, nilipokuwa nikiteremka kwa miguu kutoka upande wa Menengai, nilisikia sauti ya msichana ikipenya ua wa michongoma. Alikuwa akirudia kipande kimoja cha wimbo wa Injili wa Kimarekani, na kila alipofika kwenye noti ya juu kabisa sauti ilimkatika, akakohoa, akaanza upya. Jirani mmoja alinidokezea kwamba binti huyo alikuwa akijiandaa kwa usaili wa tamthilia ya nyimbo jijini Nairobi. Sauti yake ilikuwa nzuri mno. Wimbo ndio uliokuwa si wake.

Kisa hicho si kigeni. Vijana wengi wenye vipaji hurudi nyumbani mikono mitupu, wakidhani wamenyimwa nafasi kwa sababu hawana mtu wa kuwashika mkono, ilhali kilichowaponza ni uteuzi wa wimbo. Wala si ajabu wakosee. Kijana wa Kenya hujifunza kuimba kanisani na shuleni. Kanisani mwalimu wa kwaya ndiye anayeamua kitakachoimbwa Jumapili. Katika Tamasha za Muziki za Kenya, wimbo wa lazima huteuliwa na waandaaji, na kwaya zote za daraja moja huuimba huo huo mbele ya majaji. Mtu anaweza kufikisha umri wa miaka 20, ameimba mamia ya nyimbo, bila kuwahi kujichagulia hata mmoja.

Usaili wa tamthilia, yaani majaribio ya kuwateua waigizaji, una kanuni tofauti kabisa. Katika kumbi za Marekani na Uingereza, ambako desturi hii ilikomaa, mwimbaji huombwa vipimo 16 vya muziki, au 32 akibahatika. Kwa mwendo wa wastani, vipimo 16 ni kama nusu dakika tu. Hapa kwetu waelekezi huwa na subira zaidi, lakini foleni ikiwa ndefu dakika mbili huonekana nyingi. Katika muda huo mfupi mwelekezi hatafuti sauti pekee. Anataka kujua kama mtu huyu anaweza kusimama jukwaani akawa mtu mwingine, na kama maneno yake yatamfikia mtazamaji aliyeketi safu ya nyuma.

Hapo ndipo wimbo wa ibada humwangusha mwimbaji hodari. Sifa hutolewa kwa Mungu, na anayezitoa hahitaji kubadilika kati ya ubeti wa kwanza na wa mwisho. Katika tamthilia, mhusika huanza kuimba pale ambapo maneno ya kawaida yamemwishia. Ana jambo analolitaka, kuna kinachomzuia, na wimbo unapokwisha ama ameamua ama amekata tamaa. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza kabla ya kuchagua ni hili: katika wimbo huu ninazungumza na nani, na ninamtaka afanye nini? Ukikosa jibu, tafuta mwingine.

Chukua mfano wa Malaika, wimbo aliourekodi Fadhili William na ambao Miriam Makeba aliueneza ulimwenguni. Watu wengi watakushauri uuepuke kwa kuwa umeimbwa hadi ukachakaa kwenye hoteli za watalii. Mimi nasema la. Ukiuondolea tabasamu ya hotelini, unabaki na kijana aliyesimama mbele ya msichana anayempenda, hana mali ya kumwolea, na anaona aibu kulitamka hilo. Hiyo ni tamthilia nzima. Anayeuimba kwa uchungu huo atawafanya wasaili wainue vichwa kutoka kwenye karatasi zao, mradi asijaribu kumwiga Makeba.

Pili, mwimbaji sharti aijue kazi anayoiendea. Sarafina! ya Mbongeni Ngema ilifunguliwa Johannesburg mwaka 1987 na kuingia Broadway, New York, mwaka uliofuata. Filamu yake ya mwaka 1992, aliyoigiza Leleti Khumalo, ndiyo iliyowafanya Wakenya wengi waipende. Hiyo ni hadithi ya wanafunzi wa Soweto, na nguvu yake kubwa imo katika kuimba kwa pamoja huku miili ikicheza. Atakayefika kwenye usaili wake na wimbo wa taratibu wa mapenzi, macho ameyafumba na mguu hautikisiki, atakuwa amejibu swali ambalo hakuulizwa. Afadhali wimbo wa ukombozi au wa kwaya wenye mdundo wa hatua, hata kama hauonyeshi upeo wote wa sauti yake. Kinyume chake, tamthilia za kale za Marekani kama Oklahoma! ya mwaka 1943 au My Fair Lady ya mwaka 1956 hudai maneno yatamkwe bayana na lahani ifuatwe ilivyoandikwa. Yale madoido ya kuizungusha silabi moja juu ya noti saba, ambayo vijana wetu wameyapata kwa waimbaji wa Injili, huko huonekana kama uchafu juu ya kitambaa cheupe.

Na tusijisahau. Kenya nayo ina tamthilia yake ya kale ya nyimbo. Ngaahika Ndeenda, iliyoandikwa na Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii, ilianza kuonyeshwa Kamiriithu, Limuru, Oktoba 2, 1977. Usaili na mazoezi yake vilifanyika peupe, kwa sababu mwanzoni hapakuwa na jengo, bali uwanja mtupu. Wanakijiji walitazama, wakacheka, wakakosoa. Aliyecheza ngoma vibaya alirekebishwa papo hapo na wazee walioicheza ujanani. Humo mlikuwa na Gitiiro, majibizano ya wimbo ya sherehe za ndoa, na mwomboko, ngoma ya kodiani. Jopo la wasaili lilikuwa kijiji kizima, na halikudanganyika kwa sauti tamu. Serikali iliifutia kibali mnamo Novemba mwaka huo huo, Ngugi wa Thiong'o akatiwa kizuizini kabla ya mwaka mpya, na mwaka 1982 ukumbi wa wazi uliojengwa na wanakijiji ukabomolewa. Mwaka huo huo Maitu Njugira, mchezo wake mwingine uliosheheni nyimbo za lugha mbalimbali za Kenya, ulinyimwa nafasi katika Jumba la Kitaifa la Maonyesho.

Iliwachukua Wakenya hadi Mei 2022 kuiona tena Ngaahika Ndeenda katika jumba hilo la Nairobi, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza, chini ya Nairobi Performing Arts Studio. Kundi hilo lilikuwa tayari limeiandaa Sarafina! miaka michache kabla. Mwimbaji anayeendea kazi ya aina hii na wimbo wa Broadway pekee mkobani amekosea njia. Wimbo wa harusi au wa palizi aliofunzwa na nyanya yake huenda ndio utakaomfungulia mlango, bora aelewe kila neno lake. Wengi huuonea haya. Wanadhani usaili ni mahali pa kuonyesha Kiingereza.

Kuhusu upeo wa sauti, naungama kwamba somo hili nililipata kwa kuaibika. Nikiwa chuo kikuu nilijitosa katika majaribio ya mchezo mmoja na wimbo wa sauti ya tena, nami ni mtu wa besi ya kati. Chumbani usiku niliuimba barabara. Asubuhi saa tatu, mbele ya watu watano na meza, noti ya mwisho ilitoka kama mlango usiotiwa mafuta. Sauti ya asubuhi haijaamka, na woga huikaza koo. Tangu hapo ushauri wangu ni huu: uimbe wimbo mara mbili mfululizo saa ile ile utakayosailiwa, bila kupumzika. Mara ya pili noti ya juu ikikusumbua, ushushe wimbo hatua mbili au uuache. Wakazi wa Nakuru wana sababu ya ziada ya kujihadhari. Inasemekana jina la mji huu lina asili ya Kimaasai na linahusiana na vumbi, na yeyote aliyeishi hapa Januari na Februari hatabisha. Kunywa maji tangu siku iliyotangulia. Hayatasaidia yakinywewa mlangoni.

Lipo pia suala la ala. Waimbaji wa kwaya zetu husoma solfa kuliko noti za mistari, ilhali mpiga piano wa usaili huenda asiijue solfa kabisa. Muulize mwandalizi mapema. Kama kutakuwa na mpigaji, mpelekee karatasi iliyo safi, ikiwa katika ufunguo unaoimbia wewe, yenye alama ya mahali pa kuanzia na pa kukomea, kisha umpigie makofi mawili matatu ya mwendo unaoutaka. Kama hakuna, imba bila ala, ukijipa doh yako kimyakimya. Muziki wa simu mimi siupendi. Simu huita, betri huisha, na muziki uliorekodiwa hauwezi kukungoja ukisahau neno.

Usianzie ubeti wa kwanza kwa kuwa tu ndio wa kwanza. Nyimbo nyingi huchukua muda kupasha moto. Anzia pale mhusika anapogeuza mawazo, umalizie kwenye neno lenye uzito, kisha usimame tuli kidogo kabla ya kushukuru. Wimbo wa tamthilia yenyewe inayoandaliwa usiuimbe isipokuwa umeagizwa, kwani mwelekezi tayari ana sauti fulani kichwani na utapimwa kwayo.

Tena andaa nyimbo mbili: mmoja wa kasi, mmoja wa taratibu, ikiwezekana kwa lugha mbili. Mara nyingi msaili aliyevutiwa humwangalia mwimbaji na kumuuliza, "Una mwingine?" Swali hilo ni dalili njema kuliko makofi, na nimewaona watu watatu kwa macho yangu wakilijibu kwa kutikisa kichwa.