Ngano Isiyoonekana: Tahadhari kwa Mwenye Ugonjwa wa Siliaki

Msafiri anayeshuka Mkiwa, pale barabara ya Itigi na Rungwa inapoachana na ile iendayo Singida mjini, hulakiwa na chapati, maandazi na sambusa. Mwenye ugonjwa wa siliaki anajua kuwa hiyo ni ngano, naye huiacha. Kinachomponza ni ngano asiyoiona.

Siliaki ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, ikichochewa na gluteni, yaani protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai, hushambulia utumbo mwembamba. Virutubisho havifyonzwi ipasavyo. Mtu huweza kuharisha, kukonda na kupungukiwa damu, na mtoto hudumaa. Dalili hizo hufanana na za maradhi mengine mengi. Kwa hiyo anayejishuku asiache ngano kabla ya kupimwa, maana kuiacha mapema huweza kuficha majibu. Aliyethibitishwa na daktari, tiba yake ni kuepuka gluteni maisha yote.

Vyakula vya asili vya Singida vinamfaa sana: ugali wa mtama, uwele au mahindi, viazi vitamu, maharage, mlenda, kuku. Hatari huingia njiani. Mashine iliyotoka kusaga ngano hubakiza unga ndani yake, nao huchanganyika na mtama wa mteja anayefuata. Itafutwe mashine isiyosaga ngano kabisa, kuikung'uta hakutoshi. Unga wa uji wa lishe nao uulizwe umechanganywa nini, kwani neno "lishe" halielezi kilichomo. Chipsi ni viazi, lakini zikikaangwa katika mafuta yaliyokaangia maandazi hubeba chembe za ngano. Soseji, sosi ya soya, viungo vya mchuzi vya pakiti na vinywaji vya kimea visinunuliwe bila kusomwa lebo. Kwa kiwango cha kimataifa cha Codex, chakula kinachotangazwa kuwa hakina gluteni hakipaswi kuzidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo.

Dawa zinahitaji uangalifu wa namna nyingine. Kidonge hujazwa na kushikanishwa kwa viambata, aghalabu wanga. Mara nyingi wanga huo ni wa mahindi au viazi. Wa ngano ni nadra, na gluteni yake huwa kidogo. Tatizo ni kwamba vidonge vikihesabiwa kutoka kopo kubwa na kutiwa katika bahasha, orodha ya viambata hubaki dukani. Mnunuzi aombe kuonyeshwa kopo au karatasi ya maelezo, na aulize waziwazi: "Wanga wa dawa hii umetokana na zao gani?" Muuzaji wa duka la dawa muhimu asipojua, aulizwe mfamasia wa hospitali. Swali hilo lirudiwe kiwanda kinapobadilika, hata kama jina la dawa ni lilelile. Jibu likisubiriwa, dawa ya malaria, kifua kikuu au UKIMWI isikatishwe. Madhara ya kuacha dozi ni makubwa kuliko ya chembe za wanga.

Tangu 2019 usalama wa chakula husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na dawa husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Anayelalamikia bidhaa atunze pakiti yake, hasa sehemu yenye namba ya toleo na jina la mtengenezaji.