Neno Sovieti na Mabaraza Yetu

Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kilianza mwaka 1986 kikiitwa Chuo cha Ufundi, kwa msaada wa dola ambayo wananchi wetu waliiita Urusi tu. Jina lake halisi lilikuwa Muungano wa Jamhuri za Kisoshalisti za Kisovieti. Urusi ilikuwa moja tu kati ya jamhuri zake 15, lakini hata mtu wa Ukraine au Georgia aliitwa Mrusi. Msomaji wa Unguja au Pemba hahitaji kuelezwa uchungu wa Muungano kuitwa kwa jina la mshirika mkubwa.

Hata hivyo neno zito katika jina lile ni sovieti. Kwa Kirusi maana yake ni baraza. Dola iliyoundwa tarehe 30 Desemba 1922 haikujiita kwa jina la kabila, mto wala mfalme. Ilijiita kwa jina la kikao. Wafanyakazi waliogoma mwaka 1905 ndio waliounda mabaraza hayo, na mwaka 1917 Wabolshevik walitwaa serikali wakidai kwamba madaraka yote yawe ya mabaraza. Sisi tuliliacha neno hilo bila kulifasiri, nalo likasikika kama jina la nchi ya mbali. Laiti tungesema baraza, mzee wa visiwani aketiye kibarazani mwake jioni angeuliza mara moja: je, huko anayeamua ni nani?

Aliyeamua ni Chama. Sovieti Kuu ya Moscow ilikutana siku chache tu kwa mwaka, na mikono yote ikanyanyuliwa pamoja. Katiba yao ya mwaka 1977 ilikitaja Chama kuwa kiongozi wa jamii. Yetu ya mwaka huo huo ilitamka karibu yale yale.

Mkoa wa Iringa ulikwisha kuionja hali hiyo kwa machungu. Huko Isimani, mahali pa wakulima wa mahindi, vijiji vya ujamaa vilisukumwa kwa amri kuliko kwa shauri. Siku ya Krismasi mwaka 1971 Mkuu wa Mkoa, Dakta Wilbert Kleruu, aliuawa kwa risasi na mkulima Said Mwamwindi, ambaye baadaye alinyongwa. Mauaji yale hayana utetezi. Lakini je, Serikali ilijifunza kusikiliza? Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa, na mwaka 1973 kuishi vijijini kukawa amri kwa wote. Ndipo, mwaka 1975, sheria ikakipa kila kijiji halmashauri yake ya wajumbe wasiozidi 25: yaani watu walihamishwa kwanza, baraza likaja baadaye.

Muungano wa Kisovieti ulivunjika mwezi Desemba 1991. Halmashauri zetu za wilaya zilirudi mwaka 1984, na za vijiji zipo hadi leo. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inautambua mkutano mkuu wa kijiji kuwa ndio wenye mamlaka ya juu kijijini. Ofisa anayekwenda Isimani au Mbarali na uamuzi uliokwisha kupigwa muhuri, akitaka wanakijiji waupitishe kabla jua halijatua, angefanya vyema kuisoma sheria hiyo kabla hajapanda gari.