Kutoka Kalokol hadi Kilele cha Kisiwa cha Kati

Kilele cha Kisiwa cha Kati, kinachoandikwa Central Island kwenye ramani, kina mita 550 tu juu ya usawa wa bahari. Kutoka ufuoni hadi juu hazifiki mita 200. Mbele ya Mlima Kenya wenye mita 5,199, hicho ni kilima. Hata hivyo, kwa kundi la marafiki kutoka Lodwar au Kakuma wanaotafuta mahali pa kupanda, si rahisi kupata safari inayoishinda hii. Ugumu wake hautokani na kimo bali na maji, upepo na jua.

Kisiwa chenyewe ni volkano iliyochomoza katikati ya Ziwa Turkana. Eneo lake ni kilometa 5 za mraba hivi, nalo limejaa kasoko zaidi ya kumi na mbili. Tatu kati ya hizo zimekuwa maziwa madogo, na majina yake yanataja mamba, flamingo na ngege. Volkano haijazimika kabisa: mwaka 1974 mvuke wake ulionekana kutoka bara, na kiberiti kilichoyeyuka kikatoka kwenye matundu. Serikali ilikifanya kisiwa hiki Hifadhi ya Taifa mwaka 1983, na mwaka 1997 UNESCO ikakiingiza pamoja na Sibiloi katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Safari huanzia Kalokol, kama kilometa 60 kutoka Lodwar, kwa boti ya injini. Hapa ndipo penye uamuzi mzito kuliko wote. Upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu usiku na alfajiri, kisha hulegea kadiri mchana unavyosonga. Saa zenye ubaridi wa kutembea ndizo saa ambazo ziwa limechafuka. Ziwa likitulia, mawe ya kisiwani yamekwisha kuwaka moto. Kundi lenye busara huvuka upepo ukishapungua, hulala kisiwani kwa ruhusa ya Shirika la Wanyamapori Kenya, na hupanda kabla jua halijawa kali. Nahodha ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu kuvuka. Wavuvi wa Kiturkana wamelijua ziwa hili tangu utoto, na mgeni mwenye haraka ya kurudi kazini hana sababu ya kubishana nao. Kila abiria avae jaketi la kuokolea maisha tangu boti inapong'oa nanga.

Njia ya kupanda ni fupi lakini inachosha. Mguu hudidimia kwenye jivu na changarawe nyeusi, na hatua moja hurudi nyuma nusu. Hakuna mti wa kujificha chini yake. Maji ya ziwa yana magadi, kwa hiyo kila mtu abebe ya kunywa ya kutosha, si chini ya lita 3 kwa siku, pamoja na kofia na viatu vilivyofunika vidole. Mwendo ufuate yule aliye dhaifu kuliko wote. Kichwa kikianza kuuma au jasho likikatika ghafla, kundi zima lisimame, limpoze mwenzao kwa maji na kumshusha, hata kama kilele kinaonekana.

Walio juu huona maziwa ya kasoko chini yao, kila moja na rangi yake, na Ziwa Turkana limewazunguka pande zote. Wasishuke kwenye kingo za maji bila askari wa hifadhi. Mamba wa Nile huzaliana hapa kwa wingi, na uwepo wao si ajabu: maelfu ya miaka iliyopita ziwa hili lilikuwa limejaa hadi kumwagikia upande wa Mto Nile.

Sasa maji yanapanda tena. Mafuriko ya mwaka 2020 yalizamisha sehemu za ufuo wa Kalokol, kwa hiyo mahali pa kupandia boti panapotajwa katika maelezo ya zamani huenda pakawa chini ya maji, na wa kuulizwa ni wavuvi wenyewe.