Upadrisho: Maana ya Kuwekewa Mikono

Katika Kanisa Katoliki, upadrisho ni sehemu ya sakramenti ya Daraja Takatifu, yenye ngazi tatu: ushemasi, upadre na uaskofu. Misa yake ni ndefu na ina mengi ya kutazama. Shemasi anayepadrishwa hulala kifudifudi mbele ya altare huku waamini wakiimba litania ya watakatifu. Baadaye kanisa zima hunyamaza. Askofu humwekea mikono kichwani bila kutamka neno, mapadre waliopo hufanya vivyo hivyo mmoja mmoja, kisha askofu husali sala ya kuweka wakfu. Sala ikiisha, shemasi amekwisha kuwa padre. Kuvishwa stola na kasula, kupakwa krisma viganjani na kukabidhiwa patena na kalisi ni kufafanua kilichokwisha kutendeka, ingawa wapiga picha husubiri hasa hayo.

Si siku zote jambo hili lilieleweka hivyo. Mtaguso wa Firenze, mwaka 1439, ulifundisha kwamba upadre hutolewa kwa kukabidhiwa vyombo. Ni Papa Pius XII aliyekata shauri mwaka 1947: kinachotakiwa ni kuwekewa mikono pamoja na sala. Nyaraka kwa Timotheo katika Agano Jipya tayari zinataja mikono hiyo.

Wakatoliki husadiki kwamba daraja huacha alama isiyofutika. Padre aliyevuliwa ukleri hukatazwa kuadhimisha Misa na kuungamisha. Lakini akimkuta majeruhi wa ajali anayekaribia kukata roho, anaweza kumwondolea dhambi, na ondoleo hilo ni halali. Akirudishwa katika huduma, hapadrishwi tena.

Walutheri hawahesabu tendo hili kuwa sakramenti. Kwao mchungaji hubarikiwa ili alihubiri Neno na kutoa sakramenti, na katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) wanawake pia hubarikiwa.

Tofauti hizi huonekana mtu anapohama kanisa. Padre wa Kiorthodoksi akijiunga na Ukatoliki, daraja lake hutambuliwa. Kasisi wa Kianglikana hupadrishwa, kwa kuwa mwaka 1896 Papa Leo XIII alitangaza kwamba daraja la Kianglikana ni batili. Maaskofu wakuu wa Canterbury na York walimjibu mwaka uliofuata kwa waraka wa Kilatini, wakilitetea. Roma haijabadili uamuzi wake.