Kufunza na Kuuza Wachezaji: Mchezo wa Kikapu Uliomo Simuni mwa Wanetu



Mama anayemsikia mwanawe akisema, "Leo usiku nauza senta wangu, nimemfunza misimu mitatu," ana haki ya kushtuka. Ni nani huyo anayeuzwa? Anauzwa kwa fedha ya nani? Na imekuwaje mtoto wa kidato cha pili akawa na wachezaji wa kuwafunza? Wiki hii tumeona yafaa tuueleze mchezo huu kwa utulivu, kwani mzazi asiyejua kitu hukikataza chote au hukiachia chote, na njia zote mbili zina hasara.

Mchezo wenyewe ni wa usimamizi. Mtoto hatupi mpira wala hakimbizani na mtu kwenye kioo cha simu. Yeye ni mwenye klabu. Hupanga kikosi, huajiri kocha, hupanua uwanja, huweka bei ya tiketi, hulipa mishahara, kisha huingoja siku ya mechi aone hesabu zake zimezaa nini. Mmoja wa michezo hii unaojulikana sana duniani ni BuzzerBeater, ulioanzishwa 2007, mwaka ule ule ambao M-Pesa ilianza katika nchi yetu. Miaka miwili baadaye, 2009, nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, na intaneti iliyokuwa ya kusubiriwa ikaanza kuwa ya haraka. Ndipo dunia ya aina hii ilipokaribia milango yetu.

Jina BuzzerBeater lina maana ya mpira unaotupwa na kutumbukia kikapuni king'ora cha mwisho kikilia. Wakenya tunalo letu la kukumbuka. Mwezi wa Februari 2021, mjini Yaoundé, Tylor Ongwae alitupa mpira sekunde za mwisho, na Kenya ikaishinda Angola 74 kwa 73. Wakati huo Angola ilikuwa imekwisha kuwa bingwa wa Afrika mara 11. Kwa ushindi ule timu yetu ilirudi kwenye mashindano ya mataifa ya Afrika, ambayo haikuwa imeyacheza tangu 1993.

Tuanze na kufunza, kwani hapo ndipo penye somo. Kila msimu ukimalizika, klabu hupewa nafasi ya kuchagua vijana wa miaka 18 na 19. Kila kijana ana urefu wake, ujuzi wake wa kutupa, kupiga pasi, kulinda na kudaka mpira unaorudi, na ana kikomo cha kipaji chake. Kila wiki msimamizi huchagua ujuzi mmoja wa kufunza, basi; hawezi kuyafunza yote kwa pamoja. Na kijana hafunziki kwa kukaa bechi. Ili apate mafunzo kamili hana budi acheze dakika 48 katika wiki, tena katika nafasi ile inayofunzwa. Akichezeshwa kupita kiasi, au akiachwa bila kucheza kabisa, hali yake ya mwili hushuka. Mwenye umri mdogo hujifunza upesi kuliko aliyepevuka. Mrefu hushika upesi kazi za chini ya kikapu, na mfupi hushika upesi kazi za mbali na kikapu.

Mzazi wa pwani hahitaji kuambiwa maana ya hayo. Mnazi wetu mrefu wa kienyeji hupandwa leo na kuanza kuzaa baada ya miaka sita au saba, na hakuna awezaye kuuharakisha kwa kuupigia kelele. Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto aliyekaa na kijana mmoja wa mchezoni misimu mitatu, akimwongezea ujuzi hatua kwa hatua, ameonja subira ambayo michezo mingi ya simu haina. Tena amejifunza kwamba kuchagua ni kuacha: atakayemfunza huyu leo hatamfunza yule.

Sasa kuuza. Mchezaji anayetolewa sokoni huwekwa mnadani kwa siku kadhaa, na mabwana wa klabu kutoka nchi mbalimbali hushindana kupandisha bei. Mwenye bei ya juu humchukua. Mtu akipandisha bei katika dakika za mwisho, muda huongezwa kidogo ili wengine nao wapate nafasi ya kujibu. Aliyewahi kusimama ufukweni Malindi mashua zinaporudi, akatazama nguru mmoja akigombaniwa na wachuuzi watatu, anaujua mnada huu hata kama hajawahi kushika simu. Samaki wakiwa wengi bei huanguka, wakiadimika, hupanda. Mtoto hujifunza hayo kwa kupoteza pesa za mchezo, nazo ni nafuu kuliko pesa za mama.

Liko jambo jingine katika soko hilo lililotupendeza. Anayenunua mchezaji na kumuuza harakaharaka ili ale faida hukatwa fungu kubwa zaidi, na aliyekaa naye muda mrefu hukatwa dogo. Na kadiri mchezaji anavyopanda ujuzi ndivyo mshahara wake unavyopanda msimu ukianza. Klabu inayokusanya nyota bila kupiga hesabu hufilisika huku ikishangiliwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nasi hatujaona daftari linalofunzwa watoto kwa njia nyepesi kama hii.

Lakini maisha si mchezo, na yafaa mtoto aoneshwe tofauti. Mfano ulio karibu nasi ni Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa mita 2.21. Alianza kushika mpira wa kikapu akiwa kijana wa makamo ya shule ya sekondari, akaenda kusoma Marekani, akachezea Chuo Kikuu cha Connecticut, na 2009 akachaguliwa wa pili katika vijana wote wanaoingia ligi ya NBA. Akawa Mtanzania wa kwanza kuicheza ligi hiyo. Klabu ya Memphis iliyomchagua haikumpa dakika nyingi. Mwezi wa Februari 2011 alibadilishwa kwenda Houston, na Machi 2012 akabadilishwa tena kwenda Portland. Mtoto anayecheza mchezo huu ataielewa habari hiyo mara moja: kipaji kisichopata dakika uwanjani hakikui. Lakini mwambieni na lile ambalo mchezo hauoneshi: kila anapobadilishwa, mtu huyo hufunga mizigo, huacha nyumba na marafiki, na huanza upya mji asioujua. Nambari haina mama anayeingoja simu yake, mwanadamu anaye.

Hapa tungependa kusimama kidogo katika neno lenyewe, kuuza. Katika pwani yetu si neno jepesi likitajwa pamoja na mtu. Mashamba ya Malindi ya karne ya 19 yalilimwa na watumwa. Fuladoyo, bara ya mji huu, palikuwa makimbilio ya watoro. Na ni mwaka 1907 ndipo sheria ya serikali ya kikoloni ilipoacha kuutambua utumwa katika pwani hii. Miongoni mwetu wamo wajukuu wa waliouza na wajukuu wa waliouzwa, na wengine ni wajukuu wa wote wawili. Basi mtoto akisema "nimemuuza mtu," asikaripiwe, bali afahamishwe. Klabu ya kweli haimuuzi mtu. Inachohamisha ni mkataba, na mchezaji ana ujira wake, ana wakili wake, na siku ya mkataba kwisha huenda apendako. Lugha ya mzaha isimfanye mwanetu aone binadamu ni bidhaa, awe ni mchezaji au msichana wa kazi aliyemo nyumbani mwake.

Ama suali linaloulizwa mwanzo na wazazi wengi: je, hii ni kamari? Kamari imekatazwa wazi katika aya ya 90 ya Suratul Maida, na hapana wa kulipunguza hilo. Yafaa basi tuitazame pesa ilipo. Mchezo kama BuzzerBeater huchezwa bure. Pesa zake ni za mchezoni, hazitoki kwenye mfuko wa mtu wala hazirudi humo. Anayetaka anaweza kulipia usajili wa ziada, na hiyo ni kununua huduma inayojulikana kwa bei inayojulikana. Lakini kuna milango mitatu ambayo mtoto anaweza kutokea hapo akaingia pasipofaa.

Mlango wa kwanza ni michezo mingine inayofanana na huu kwa sura, inayouza masanduku yaliyofungwa. Mtoto hulipa pesa za kweli pasi na kujua atapata mchezaji gani, na akikosa hulipa tena. Mlango wa pili ni marafiki kuwekeana dau la shilingi 50 juu ya matokeo ya mechi. Mchezo ni bure, lakini dau si bure. Mlango wa tatu, ulio mpana kuliko yote, ni kampuni za ubashiri. Kijana aliyezoea kusoma takwimu za timu huambiwa kwamba elimu yake itamtajirisha. Sheria ya Kenya inawakataza walio chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini simu iliyosajiliwa kwa jina la baba haiulizi aliyeishika ana miaka mingapi. Tumeziona nyumba ambamo ada ya shule imepotelea katika mlango huo wa tatu. Mwenye shaka juu ya mchezo fulani na awaendee masheikhe wa mtaani kwake, awaeleze pesa inavyoingia na inavyotoka, kwani fatwa nzuri hutoka katika maelezo mazuri.

La mwisho ni wakati, na huenda ndilo zito zaidi. Mnada hauzijui saa za Malindi. Mchezaji aliyewekwa sokoni na mtu wa Argentina saa nne za usiku kwao, kwetu ni saa kumi za alfajiri. Kijana mwenye tamaa ataweka king'ora cha simu aamke kupandisha bei, kisha adhana ya Alfajiri imkute amechoka, na mwalimu wa hesabu amkute amelala. Kwa kawaida mchezo hauhitaji zaidi ya muda mfupi kwa siku. Basi twashauri haya: simu ilale chumbani kwa wazazi baada ya Isha; nambari ya siri ya M-Pesa isijulikane na mtoto hata kama ndiye anayetumwa dukani; na mara moja kwa wiki, mtoto amweleze mama hesabu za klabu yake, kilichoingia, kilichotoka na sababu yake. Mama asiyejua kikapu ataweza kabisa kuuliza, "Mbona mishahara imezidi mapato?" Na suali hilo huamsha akili.

Wala wasichana wasiachwe nje. Kwa miaka mingi sheria za shirikisho la dunia, FIBA, zilimzuia mchezaji kuvaa hijabu katika mechi rasmi. Wanawake Waislamu walilalamika na kudai haki yao, na kuanzia tarehe 1 Oktoba 2017 kizuizi hicho kiliondolewa. Hapa pwani timu ya wanawake ya Bandari ya Kenya, KPA, ya Mombasa, imekuwa miongoni mwa timu zinazoheshimika nchini. Binti anayejua kupanga kikosi simuni aulizwe pia kama angependa kushika mpira wenyewe, kwa stara na mahali panapofaa. Kijana wa simuni anahitaji dakika 48 uwanjani kila wiki ndipo akue. Wanetu nao, wa kiume na wa kike, wana miili inayotaka dakika zake, na hizo hazipatikani kwa kidole kwenye kioo.

Wabillahi tawfiq.