KABLA YA KUCHIMBA BARABARA: NAMNA CHAMA KINAVYOPATA KIBALI

Msimu wa kahawa unapokaribia, vyama vya msingi huitazama upya mitambo yao ya kumenyea kahawa, na mara nyingi huonekana kwamba maji hayatoshi. Chemchemi iko upande mmoja wa barabara na mtambo uko upande wa pili. Bomba limekwisha kununuliwa, vijana wenye sururu wapo, na kazi yenyewe huonekana kuwa ya usiku mmoja tu. Hapo ndipo chama kinapoweza kujiingiza katika hasara. Barabara ya umma si mali ya chama, wala si mali ya kijiji inamopita. Yeyote atakaye kuikata, kupitisha bomba chini yake au kujenga katika hifadhi yake hana budi kupata kwanza kibali cha maandishi.

Kuijua barabara

Kazi ya kwanza ya katibu ni kujua barabara inasimamiwa na nani. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imezigawa barabara za Tanzania Bara katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la barabara kuu na barabara za mikoa, ambazo husimamiwa na Wakala wa Barabara, TANROADS, ulioanzishwa mwaka 2000. Fungu la pili ni la barabara za wilaya, pamoja na njia ndogo za vijijini. Hizo, tangu mwaka 2017, husimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA. Maombi ya fungu la kwanza hupelekwa kwa Meneja wa TANROADS wa Mkoa. Ya fungu la pili hupelekwa kwa Meneja wa TARURA wa Wilaya. Serikali ya kijiji yaweza kuunga mkono maombi, lakini haina mamlaka ya kutoa kibali hicho.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba barabara si lami au changarawe peke yake. Barabara kuu na za mikoa zina hifadhi ya mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati. Kabla ya sheria hiyo ya 2007 hifadhi ilikuwa mita 45. Kwa hiyo mtaro unaochimbwa hatua ishirini kutoka ukingo wa lami, hata kama unapita katikati ya migomba, bado umo ndani ya hifadhi na unahitaji kibali. Kwa barabara za wilaya, vipimo huulizwa katika ofisi ya TARURA kabla ya kuchora ramani.

Kuandaa maombi

Maombi mazuri huipunguzia ofisi maswali, na hivyo hukipunguzia chama muda wa kungoja. Yapasa yawe na mambo yafuatayo:

(a) Barua ya chama iliyotiwa sahihi na viongozi wenye mamlaka, pamoja na nakala ya uamuzi wa Bodi ulioidhinisha kazi hiyo.

(b) Jina la barabara na mahali hasa pa kazi, kwa kutaja kijiji na umbali kutoka alama inayojulikana, kama vile daraja au njia panda.

(c) Mchoro unaoonyesha barabara, mifereji yake, njia ya bomba, unene wa bomba na kina cha mtaro.

(d) Tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na jina la fundi au mkandarasi atakayesimamia kazi.

(e) Maelezo ya jinsi magari na watu watakavyopita wakati kazi inaendelea, na jinsi barabara itakavyorudishwa katika hali yake.

Baada ya hapo mhandisi hukagua mahali hapo pamoja na wawakilishi wa chama. Huenda akaelekeza bomba lipitishwe ndani ya bomba kubwa zaidi, ili siku likipasuka liweze kuvutwa bila kuchimba tena. Huenda pia akaelekeza lipite katika kalavati lililopo, au akakataza hilo kwa sababu litazuia maji ya mvua. Chama kiulize mapema kuhusu ada na dhamana ya matengenezo, ili fedha hizo ziingizwe katika makisio.

Kibali cha barabara hakichukui nafasi ya kibali cha maji. Haki ya kuchota maji katika chemchemi au mto huombwa kwa Bodi ya Maji ya Bonde, na maombi yote mawili yaanze pamoja. Kadhalika wenye mabomba na nyaya zilizokwisha kufukiwa mahali hapo waulizwe kabla sururu ya kwanza haijapigwa.

Sababu ya masharti

Wapo wanachama wanaoyaona masharti haya kuwa usumbufu. Lakini ichukuliwe mfano wa chama kilichokata barabara usiku na kuurudisha udongo wote kwa mara moja. Kwa macho mtaro umejaa. Ndani yake una nafasi tupu. Mvua inyeshapo maji huingia, udongo hushuka, na bonde hutokea kuvuka barabara nzima. Lori lenye mzigo huvunjika hapo, na huenda lori hilo ndilo lililobeba kahawa ya wanachama wenyewe. Mtu wa pikipiki asiyeliona bonde usiku anaweza kupoteza maisha.

Ndiyo maana udongo hurudishwa kwa matabaka ya sentimita 15 hivi, kila tabaka likinyunyiziwa maji na kushindiliwa kabla ya jingine. Ndiyo maana pia hukatwa nusu ya barabara kwanza, na nusu ya pili huachwa kwa wapitao, penye alama za tahadhari mchana na taa usiku.

Chama kisicho na kibali chaweza kusimamishwa kazi, kuamriwa kuling'oa bomba na kuitengeneza barabara kwa gharama yake, na hata kushtakiwa. Fedha hizo hutoka katika mfuko wa wanachama, yaani katika bei ya kila kilo ya kahawa waliyoileta.

Makatibu wanakumbushwa kuanza maombi miezi kadhaa kabla ya mavuno, wala si wiki ile mtambo unapokauka. Kibali kikipatikana, masharti yake yasomwe mbele ya Bodi na kwa fundi, na nakala ihifadhiwe katika jalada la chama. Viongozi hubadilika, lakini bomba litabaki chini ya barabara kwa miaka mingi, na atakayekuja kuulizwa habari zake huenda akawa katibu mwingine.